Programu Hufa, Ngoma Hubaki: Somo kwa Maprodyuza wa Chumbani

Wasee, wacha nianze na aibu yangu.

Mwaka jana mama mmoja anayeimba injili, wa hapa upande wa Kangundo, alinipigia simu Alhamisi jioni. "Mwanangu, ule wimbo ulinitengenezea, bado uko nao?" Nikamwambia, "Niko nao, mwaitu." Alitaka biti peke yake, bila sauti, akaimbie harusi ya Jumamosi. Akatuma 1,500 kwa M-Pesa kabla hata hatujamaliza kuongea. Mimi kichwani nikaona hii ni kazi ya dakika tano: fungua faili, zima sauti yake, toa biti, tuma WhatsApp, enda ulale.

Faili haikufunguka. Laptopu nilikuwa nimebadilisha. Programu niliyotumia ilikuwa ya kukraki, wenyewe walishaacha kuitengeneza, na ile kraki haikukubali kabisa kwenye Windows mpya. Nilikesha. Ijumaa saa nane usiku nikaifungua kwa laptopu ya rafiki, ikafunguka nusu: kinanda kimya, gitaa la besi kimya, kwa sababu plagini zote mbili hazikuwepo. Kilichosikika ni ngoma na kayamba tu. Asubuhi nikamrudishia pesa zake. Niliambiwa baadaye kwamba alisimama pale harusini akaimba juu ya wimbo ulio na sauti yake mwenyewe, sauti mbili za mtu mmoja zikikimbizana mbele ya maharusi.

Hakunitukana. Lakini hajawahi kunipigia tena, na kama unaishi kwa kazi ndogo ndogo za watu kama yeye, hiyo inauma kuliko matusi.

Kosa lilikuwa langu, nakubali. Lakini nilipotulia nikaanza kuchimba: hizi programu za muziki zinakufaje? Nani anaziua? Na msee wa Machakos aliye na laptopu moja na doo kidogo achague gani isimwache njiani? Nilichokuta ni historia ndefu kuliko nilivyodhania. Leo nawapa yote.

TUANZE NA 1987

Mwaka 1987 alifariki Kakai Kilonzo, yule mwanamuziki wa Kilimambogo Brothers Band. Kama umekulia Ukambani, hata kama hujui jina lake, masikio yako yanamjua. Benga ya Kikamba, nyingine ya Kiswahili, gitaa likitembea kama mtu anayeshuka mlima bila haraka. Kilimambogo yenyewe iko hapa kwetu.

Mwaka huo huo wa 1987, kule Massachusetts, Marekani, Greg Hendershott na kampuni yake ya Twelve Tone Systems walitoa programu inaitwa Cakewalk. Ilikuwa ya kompyuta za DOS, zile za skrini nyeusi na maandishi. Haikurekodi sauti hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuandika maagizo ya MIDI: piga noti hii, sekunde hii, kwa nguvu hii, halafu kinanda cha nje kinapiga.

Nimeweka hawa wawili pamoja kwa sababu moja. Mmoja alikuwa binadamu, ameaga miaka mingi iliyopita, na nyimbo zake bado zinapigwa kwa matatu na kwa baa. Nyingine ni programu, na tangu siku hiyo imekufa, ikafufuka, ikabadilishwa jina, ikauzwa mara kadhaa. Kakai aliacha santuri, na santuri haikuulizi namba ya leseni. Ukiwa na sindano na umeme, inaimba.

KAMPUNI INAUZWA NA WEWE UKO NDANI

Ukiongea na watu waliofanya kazi kwenye studio ndogo za Nairobi au Dar mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi watakutajia Cool Edit Pro. Hii ndiyo programu iliyofanya kompyuta ya kawaida, ile ya saiba, igeuke studio. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya Arizona inaitwa Syntrillium, iliyoanzishwa na Robert Ellison na David Johnston, wote wawili waliwahi kufanya kazi Microsoft.

Mwanzoni Cool Edit ilikuwa na mpango wa ajabu. Kama hujalipa, kila ukiifungua unaambiwa uchague makundi mawili tu ya kazi utakayotumia. Leo nataka kukata na kuongeza mwangwi. Basi, kusevu huna. Funga, fungua tena, chagua kusevu. Watu walivumilia. Ilipofika Cool Edit Pro 2 ilikuwa inabeba hadi traki 128, na hapo msee wa chumbani akawa na traki nyingi kuliko meza kubwa za studio za redio.

Mei 2003, Adobe ikanunua kila kitu kwa dola milioni 16.5. Miezi michache baadaye Cool Edit Pro ikatoka na jina jipya: Adobe Audition. Programu ile ile kwanza, jina jingine. Lakini polepole mwelekeo ukabadilika, ikawa zaidi ya watu wa redio, filamu na podikasti, na baadaye ikawa ya kulipia kila mwezi. Hakuna aliyekuja kukunyang'anya Cool Edit yako kwa laptopu. Ila barabara iliyokuwa mbele yako ilikatwa, na wewe hukuulizwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa mbaya zaidi. Kulikuwa na kampuni ya Ujerumani, Emagic, iliyotengeneza Logic. Wakati huo Logic ilifanya kazi kwa Mac na pia kwa Windows. Julai 2002 Apple ikainunua Emagic, na siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba toleo la Windows linaisha tarehe 30 Septemba. Miezi mitatu tu. Walisema wenyewe kwamba zaidi ya asilimia 65 ya mapato yao yalitoka kwa watu wa Mac. Sasa piga hesabu: ile iliyobaki, karibu theluthi, ni watu waliolipa pesa halali, wakajifunza, wakajenga studio, na siku moja wakaambiwa nunueni kompyuta nyingine au hameni.

Hapo ndipo nilijifunza somo la kwanza. Programu nyingi hazifi kwa sababu ni mbaya. Logic haikuwa mbaya, iko hadi leo na watu wanaisifu. Zinakufa kwa sababu aliyenunua kampuni ana mipango yake, na wewe haumo.

AHADI YA MAISHA

Turudi kwa Cakewalk, kwa sababu hii ndiyo hadithi tamu kuliko zote.

Mwaka 2001 ilibadilika ikawa SONAR, ikawa programu kamili ya kurekodi na kumiksi. Roland ya Japani ikachukua sehemu kubwa ya kampuni mwaka 2008. Mwaka 2013 ikaenda kwa Gibson, ndio, wale wa magitaa. Halafu mwaka 2016 wakatangaza ofa: ukinunua SONAR Platinum sasa, utapata matoleo yote yajayo maisha yako yote. Watu wakatoa pesa.

Tarehe 20 Novemba 2017, Gibson ikatangaza kwamba inaacha kutengeneza bidhaa za Cakewalk. Mwaka mmoja na kitu baada ya ahadi ya maisha. Kumbe maisha yaliyoahidiwa yalikuwa ya kampuni, si yako. Na Gibson wenyewe hawakuwa wazima: Mei 2018 walienda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika.

Lakini kabla ya hapo, Februari 2018, kampuni ya Singapore inaitwa BandLab ilinunua mali ya Cakewalk, na Aprili ikaitoa upya, bure kabisa. Programu iliyokuwa ikiuzwa mamia ya dola, sasa bure. Na ilifungua miradi ya zamani ya SONAR. Hiyo ni muujiza kwa mtu aliyekuwa na nyimbo za miaka kumi ndani.

Ila soma maandishi madogo. Ala nyingi zilizokuja na SONAR Platinum hazikuwa ndani ya ile ya bure. Kama wimbo wako ulitegemea ala hizo na huna tena usanidi wa zamani, mradi unafunguka lakini sehemu zile hazitoi sauti. Mimi nilipofika hapo niliinuka nikatembea nje kidogo. Ilikuwa hadithi ya mwaitu wangu, kinanda na besi, tofauti tu ni kwamba hawa walikuwa wamelipa.

Mwaka 2023 BandLab nao wakasema wanatengeneza Sonar mpya, na ile ya bure itaachwa. Watu wakalalamika. Mwaka 2025 wakatoa Sonar yenye daraja la bure. Kwa hivyo ukihesabu tangu 2017, mtumiaji mmoja wa programu hiyo hiyo amesukumwa mara tatu bila kutoka kwa kiti chake.

MBONA SISI TULIKUWA TUNAKRAKI

Sasa najua kuna mtu anasema: buda, hiyo ni shida ya wazungu waliolipa. Sisi tuko na flashi.

Tuongee ukweli. Kabla ya 2009 hatukuwa na kebo ya baharini. TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka huo. Kabla ya hapo intaneti ilikuja kwa setilaiti, ghali na polepole, kwa hivyo programu zilisafiri kwa CD, kutoka mtu hadi mtu, na ndani ya CD kulikuwa na faili ya maandishi yenye namba ya siri. Hakukuwa na njia rahisi ya kulipa dola ukiwa na noti za shilingi. Bei yenyewe ilikuwa mshahara wa miezi. Kraki haikuwa ujeuri tu, ndiyo ilikuwa mlango pekee uliokuwa wazi.

Angalia pia FL Studio. Ilizaliwa Ubelgiji, ikatoka mara ya kwanza mwaka 1998 ikiitwa FruityLoops, mwenye kuiandika akiwa Didier Dambrin wa kampuni ya Image-Line. Mwaka 2003 ikabadilishwa jina, kwa sababu Kellogg's wa Marekani wana nafaka za asubuhi zinaitwa Froot Loops na hawakutaka kuchanganywa. Toleo lake la kujaribu linakuruhusu kutengeneza wimbo wote na kuusevu, lakini huwezi kuufungua tena vizuri mpaka ulipe. Mtoto wa miaka kumi na tano akishatengeneza biti ya kwanza na akaona haifunguki, unadhani atafanya nini? Ataenda kwa yule msee wa saiba.

Sihukumu, mimi nilikuwa huyo mtoto. Lakini kuna kitu hatukuambiwa. Kraki ni programu iliyokufa siku ulipoisakinisha. Haipati marekebisho. Haijui Windows mpya. Antivirasi ikiifuta, imeenda. Wale wa Logic walipewa miezi mitatu ya kujipanga. Msee wa kraki anapewa usiku mmoja, na kwa kawaida ni usiku kabla ya kazi ya mtu. Kando na hapo ni kuvunja sheria ya hakimiliki, na ni ngumu kudai haki zako za wimbo huku mikono yako iko kwa kazi ya mwingine.

Na si kraki tu. Oktoba 2019 Apple ilitoa macOS Catalina, ikakataa programu zote za biti 32. (Biti za kompyuta, si hizi zetu.) Watu waliolipa kila kitu kihalali waliamka wakakuta plagini za zamani hazifunguki. Kompyuta inasonga mbele, na kila ikisonga inaacha kitu nyuma.

PROGRAMU SI KIPAJI

Kabla mtu hajakata tamaa, angalia Dar es Salaam. Singeli, ule muziki wa mbio unaofanya moyo uombe msamaha, haukutoka kwa studio za mamilioni. Ulitengenezwa na vijana wa uswahilini kwa kompyuta za kawaida, FruityLoops na Virtual DJ, wakikata vipande vya muziki wa zamani na kuviendesha kasi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Sisso, na dunia ikageuza shingo. Hakuna aliyeuliza walitumia toleo gani.

Hapa kwetu, gengetone ilipolipuka mwaka 2018 na Lamba Lolo ya Ethic, ilikuwa hivyo hivyo. Watu waliskia ngoma. Kwa hivyo ule ubishi wa FL dhidi ya Ableton dhidi ya Cubase, ule wa matusi kila wiki, mimi nimeutoka. Sikio lako linahama nawe.

Kisichohama ni faili. Na hapo ndipo tunazembea.

VITU VINAVYOISHI

Hii ndiyo sehemu nilitaka mfike. Faili ya WAV ilitoka 1991, Microsoft na IBM. Ukiwa na WAV ya mwaka huo, leo inafunguka kwa simu yako. Faili ya MIDI ilikubaliwa kama kiwango mwaka 1988, na kila programu ya muziki inaisoma. Hizi mbili zimezika Cool Edit, zimezika Logic ya Windows, zimezika SONAR. Hazina mwenyewe wa kuziua.

Kwa upande mwingine, faili ya mradi ni ya programu moja. Ni kama kuandika barua kwa lugha inayoongewa na mtu mmoja tu duniani. Akifa, barua ipo, msomaji hayupo. Mwaka 2023 Bitwig na PreSonus walitoa muundo wazi unaitwa DAWproject ili miradi ihame kati ya programu, na Cubase ikajiunga baadaye. Ni mwanzo mzuri, ila si wote wamekubali.

Kwa hivyo ukiniuliza uchague gani programu yako ikifa, mimi naangalia mambo manne, na sauti tamu haimo kati yake.

La kwanza, bei ninayoweza kulipa kweli. Reaper, ya Justin Frankel, yule aliyetengeneza Winamp, inauza leseni ya dola 60 kwa mtu binafsi au biashara ndogo, na unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. Hiyo ni pesa, lakini ni pesa ya kuweka kando miezi kadhaa, si ya kuuza ng'ombe. LMMS na Ardour ni za msimbo huria. Hata Audacity, iliyonunuliwa na Muse Group mwaka 2021, msimbo wake uko wazi: mwenye nayo akiharibu, wengine wanaweza kuuchukua na kuendelea.

La pili, itafungukaje bila kampuni? Inahitaji kuuliza seva kila mara? Kampuni ikifungwa, seva inazimwa. Mradi wa Reaper ni maandishi ya kawaida, unaweza kuufungua kwa Notepad ukasoma majina ya traki zako. Haupigi muziki hapo, lakini angalau unajua ulifanya nini.

La tatu, ahadi. Image-Line wamewapa wateja wa FL Studio matoleo mapya bure kwa miaka mingi sana, na wameitimiza, heshima kwao. Lakini baada ya SONAR, ahadi yoyote ya maisha naipokea kama ahadi ya mgombea: nashukuru, na bado naweka akiba.

La nne, na ndilo kubwa: inanirahisishia kutoka? Programu isiyokupa njia rahisi ya kutoa kila traki peke yake ni nyumba yenye mlango wa kuingia tu.

SHERIA YANGU SASA

Wimbo haujaisha mpaka kuwe na folda yenye vitu vinne: wimbo kamili kwa WAV, biti tupu kwa WAV, kila traki peke yake kutoka sekunde ya sifuri, na MIDI ya ala zote. Juu yake faili ndogo ya maandishi: kasi, ufunguo, nani aliimba, nani alipiga, tarehe. Inachukua dakika ishirini. Nakala moja kwa diski, nyingine kwa nyumba ya mtu mwingine, kwa sababu laptopu za mtaani huibiwa, tusidanganyane.

Mnamjua KMRU, yule wa muziki wa mazingira na sauti? Jina lake ni Joseph Kamaru, sawa na babu yake, Joseph Kamaru wa benga ya Kikuyu aliyefariki 2018. Mjukuu amekuwa akizitoa upya kazi za babu mtandaoni. Aliweza kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuchukua, rekodi ambazo bado zinapigika. Sasa jiulize mjukuu wako atachukua nini kutoka kwako. Faili yenye jina "biti mpya FINAL FINAL 3" inayotaka plagini ya mwaka 2014?

Mimi nina miradi arobaini na moja ya zamani. Kila Jumapili naenda kwa rafiki yangu aliye na laptopu ya zamani yenye Windows 7, naikataza isiguse intaneti, nafungua mradi mmoja na kutoa traki zake moja moja. Nimefika kumi na saba. Kuna zingine zimegoma kabisa, hizo nazipiga upya kwa sikio.

Ule wa mwaitu wa Kangundo bado umegoma. Ngoma na kayamba ninazo, besi nimeishika, kinanda ndicho kinanisumbua, kuna sehemu ya pili sikumbuki nilipiga nini. Nikiimaliza nitamtumia, bila malipo. Sijui kama atapokea simu yangu.

Wewe je, ni wimbo gani wa mtu umeufungia kwa mashine yako? Utoe wiki hii.